Gari la Ikulu litengenezwe, lisigeuzwe jipya



Nataka kutoa maoni yangu juu ya magari ya zamani ya viongozi wetu, hasa lile Rolls-Royce lililohifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Gari hilo lilitumiwa kwanza na serikali ya mkoloni, kisha likamtumikia Mwalimu Julius Nyerere.

Kila yanapotajwa magari ya namna hii nasikia sauti mbili. Ya kwanza husema: lipakwe rangi mpya, lifungwe spea mpya, litembee barabarani siku za sherehe. Ya pili husema: liachwe lioze, hiyo ni anasa ya mkoloni na watoto wetu hawana madawati. Mimi nasema sauti zote mbili zinatupotosha.

Kwanza tuelewe gari lenyewe. Wengi wetu hudhani gari kama hili lilitoka kiwandani likiwa kamili, kama magari ya siku hizi. Sivyo. Kwa miaka mingi Rolls-Royce waliuza injini na chesisi tu. Mnunuzi aliipeleka chesisi hiyo kwa waunda bodi, kama vile Hooper au H. J. Mulliner au Park Ward wa London, nao wakamuundia bodi kwa mikono kama alivyotaka. Seremala alijenga kiunzi cha mbao, mara nyingi za mti wa Ulaya uitwao ash. Fundi bati aligonga alumini kwa nyundo mpaka ikapata umbo. Mshona ngozi alimaliza kwa viti. Kwa sababu hiyo magari mawili ya mwaka mmoja yaliweza kutofautiana kama nyumba mbili za mtaa mmoja. Magari ya aina ya Phantom IV, yaliyoundwa kati ya 1950 na 1956 kwa ajili ya wafalme na wakuu wa nchi, yalikuwa 18 tu. Hooper wenyewe waliacha kuunda bodi mwaka 1959. Leo fundi aliyezijua nyundo zile hapatikani kirahisi hata huko Uingereza.

Mafundi wetu wa mabasi wanaielewa habari hii bila kuelezwa. Mabasi mengi ya zamani yalifika hapa yakiwa chesisi tupu, bodi zikaundwa na vijana wetu wenyewe. Kwa hiyo kazi hii si miujiza ya Wazungu. Ni useremala, uhunzi na ushonaji uliofanywa kwa subira.

Pili, tuyajue magonjwa yake. Gari la aina hii, popote lilipo, huanza kuharibika ndani, mahali pasipoonekana. Maji yakipenya chini ya mlango, kiunzi cha mbao huoza huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu na chumvi, alumini huliwa. Mchwa nao wana njia zao. Mwenye haraka akija na puti na rangi, atakuwa ameufunika ugonjwa, hajauponya.

Nimeshuhudia jambo hilo huku kwetu. Palikuwa na Land Rover moja ya zamani, mlangoni imeandikwa kwa mkono jina la ofisi iliyoitumia na namba yake. Wenyewe wakaipeleka kwa fundi. Iliporudi ilimetameta kama kioo, lakini maandishi yalikuwa yamesuguliwa, mabonde ya safari za milimani yamejazwa puti. Watoto waliishangilia siku mbili. Siku ya tatu mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hii ilikuwa ya nani?" Gari lenyewe halikuweza tena kumjibu.

Hapo ndipo ninapotaka wananchi wanisikilize. Mimi nafundisha historia. Wanafunzi wangu wakifika habari ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, huwaeleza kwamba kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha, na kwamba wakubwa wenye kupenda anasa waliitwa Wabenzi mitaani. Nikiwaambia kisha kwamba Mwalimu naye alipanda Rolls-Royce, mikono yote hunyanyuka. Kwa nini? Swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi ya vitabuni. Gari lililokuwa la mkoloni likaja kumbeba mtoto wa Butiama, kiongozi wa nchi huru. Je, huo ulikuwa ushindi, au ulikuwa mtego? Mwanafunzi na apime mwenyewe. Lakini atapimaje ikiwa gari limegeuzwa kuwa jipya, kila alama ya matumizi imefutwa? Na atapimaje ikiwa limeachwa likawa lundo la kutu?

Sasa nirudi kwa ndugu wanaosema madawati kwanza. Siwapuuzi, kwa maana mimi ndiye ninayesimama mbele ya watoto hao kila siku. Lakini tusichanganye gharama mbili. Kulirudisha gari hili barabarani likiwa kama jipya ni ghali, maana vifaa huagizwa nje kwa fedha za kigeni. Kulizuia lisioze si ghali kiasi hicho. Linahitaji paa lisilovuja, hewa kavu, kivuli, kuondolewa mafuta yaliyolala tangini, kuinuliwa ili matairi yasibebe uzito, na mtu wa kulikagua kila mwezi mwenye tochi na daftari. Hata shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, katika Mkataba wake wa Turin uliopitishwa mwaka 2012, linatanguliza kuhifadhi kabla ya kufanya upya.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

La kwanza, lisiguswe kwa bisibisi kabla halijapigwa picha na kupimwa kila upande, na kila kinachofunguliwa kiandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili, kinachooza kizuiwe, kilicho kizima kiachwe. Seremala wa kwetu Ruvuma ataniambia atoe mbao zote za kigeni aweke mninga, ambao mchwa hawauwezi kirahisi. Mninga ni mti bora, sina ubishi. Lakini akibadili kiunzi chote atakuwa ameunda gari jingine lenye sura ya la zamani. Aweke kipande palipooza tu, nacho kiandikwe tarehe, ili atakayekuja baada ya miaka 50 ajue kipi ni cha kale na kipi ni chetu.

La tatu, kazi hii iwe darasa. Vijana wa VETA, wakiwamo wa hapa Songea, wapelekwe kwa zamu kufanya kazi chini ya wataalamu. Siku hizi mafundi wengi wanajua kubadilisha kifaa, wachache wanajua kukiunda. Kijana atakayejifunza kugonga bati kwa mkono na kuunga mbao iliyopinda atarudi na ufundi wa kumlisha maisha yake yote. Faida hiyo itabaki hata wageni wakiisha kuondoka.

La nne, elimu hiyo itufikie mikoani. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Ni watoto wangapi wa kijijini watakwenda kuliona? Picha za kazi hiyo na maelezo yake zizungushwe mikoani, na huku kwetu zianzie Makumbusho ya Majimaji.

Sisi wa Songea tunaijua thamani ya kitu cha kale kisichorembwa. Kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Aingiaye katika Makumbusho yetu hatafuti mkuki unaong'aa kama wa dukani. Anataka ule ulioshikwa. Basi na gari la Ikulu tulitendee vivyo hivyo. Wahusika walishughulikie mapema, maana mbao iliyooza haingojei vikao.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Songea, Ruvuma.