Mita 60 za Barabara, Mwenda kwa Miguu Hana Hata Moja

Makamanda, salamu kutoka nyumbani Makambako, ambako baridi ya mwezi wa saba haina chama.

Niko likizo. Kila asubuhi nawaona watoto wa shule ya msingi wamesimama ukingoni mwa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, masweta yamelowa ukungu, wanasubiri malori ya Zambia na Kongo yapite. Likipita moja linakuja lingine. Mkubwa wao, labda wa darasa la sita, anawashika mkono wadogo wawili, anachungulia kulia, kushoto, halafu anapiga kelele: "Haya, kimbieni!" Hiyo ndiyo sera ya usalama barabarani mtaani kwetu. Kimbieni.

Sasa nisikilizeni kidogo, maana hapa ndipo sheria ninayosoma chuoni inaponitia hasira. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipa barabara kuu hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa 45. Tunazikumbuka alama za X: nyekundu kwa walioambiwa wamevamia, kijani kwa wale ambao sheria ndiyo iliyowafuata walipo. Shangazi yangu alipata nyekundu. Kibanda chake cha chai na maandazi kikaenda chini, akaambiwa apishe barabara. Akapisha.

Leo pale palipokuwa na kibanda pana nini? Majani, mtaro uliojaa chupa za maji, na lori limeegeshwa. Anayetembea anapita kwenye lami, basi linampulizia honi mgongoni. Na ukienda kuuliza njia ya waenda kwa miguu, unajibiwa eti nafasi hakuna. Nafasi gani tena jamani? Si mmebomolea watu ili ipatikane? Kwenye mita 60 mnashindwa kutoa mbili kila upande kwa ajili ya miguu na baiskeli?

Watasema mwendo umedhibitiwa. Ni kweli, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Utekelezaji wake ni trafiki na tochi, na faini. Dereva analipa, anakunja risiti, mbele kidogo anakanyaga mafuta. Sikatai, tochi inasaidia pale ilipo na saa ilipo. Lakini askari anakwenda kulala, tuta halilali. Na hata hiyo 50 ni kubwa: Azimio la Stockholm la 2020 linataka 30 mahali watu na magari wanapochanganyika. Makambako njia panda, pale inapoanzia barabara ya Njombe na Songea, kama hapajachanganyika basi sijui ni wapi.

Wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya. Mwendokasi ulipoanza Dar mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilijengewa njia za miguu na za baiskeli (bodaboda wakazivamia, hayo tutaongea siku nyingine). Kwa hiyo kujenga wanajua. Wanachagua nani wa kumjengea.

Na bodaboda wenyewe ni sisi, vijana. Kijana wa Njombe anabeba abiria alfajiri kwenye ukungu, haoni mita kumi mbele, kwa sababu haisi haipandi mtaa wake na mipango ya mji haikuwahi kufikiria mtu asiye na gari atafikaje sokoni. Kampeni ikija anawekewa lita mbili asindikize msafara. Akivunjika mguu, ndugu ndio wanachangishana.

Ibara ya 14 ya Katiba inatambua haki ya kuishi, na jamii kuyalinda maisha hayo. Haikusema wenye magari tu.

Kwa hiyo tuache kulalamika kwenye magrupu peke yake. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Twendeni tukae pale nyuma, tuombe bajeti, tutafute mstari wa njia za miguu, na kama haupo tumuulize diwani mbele ya watu wake. Mimi nitakuwepo kikao kijacho. Shangazi nimemwambia aje na notisi yake ya kubomolewa, bado anayo.