Kwa nini jarida la barua pepe linatoka Lindi lakini Njinjo halifiki

Barabara ikikatika Somanga, nchi nzima inajua. Ilikuwa hivyo Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mvua kukata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu, na hapo pia hakuna aliyehitaji kuambiwa. Simu zenyewe zilisema.

Barua pepe ikizuiwa, hakuna anayejua. Aliyetuma anaona imekwenda. Aliyetakiwa kuipokea hajui hata kama kuna kitu kilikuwa njiani.

Chukulia tovuti ndogo ya habari za kilimo, iwe ya Lindi mjini au ya Dar, inayotuma jarida kila wiki: bei ya mnada wa ufuta uliopita, tarehe ya mnada ujao, tahadhari ya mvua. Katika kata ya Njinjo, wilayani Kilwa, kwenye barabara inayotoka Nangurukuru kwenda Liwale, jarida kama hilo halisomwi na kila mkulima. Wengi bei wanaipata WhatsApp, redioni au kwa mdomo. Ila anayelisoma ndiye anayewapa wengine: katibu wa AMCOS, afisa ugani, mwalimu, kijana wa duka la pembejeo. Likizuiwa kwa huyo mmoja, limezuiwa kwa kijiji.

Na msimu hausubiri. Ufuta wa Kilwa unauzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia chama kikuu cha Lindi Mwambao, na minada siku hizi inapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa, TMX. Bei ya wiki hii si lazima iwe ya wiki ijayo. Asiyejua bei ya mnada ndiye mteja rahisi wa kangomba.

Masharti yalibadilika 2024

Oktoba 2023, Google na Yahoo walitangaza masharti mapya kwa wanaotuma barua pepe kwa wingi, na utekelezaji ukaanza Februari 2024. Microsoft, wenye Outlook na Hotmail, wakafuata Mei 5, 2025. Kampuni hizo tatu zinashika sehemu kubwa ya masanduku ya barua pepe, na mwenye simu ya Android karibu kila mara ana Gmail, hata kama haifungui.

Masharti yenyewe yana majina matatu yanayotisha: SPF, DKIM na DMARC. Mtu wa Kilwa anaweza kuyaelewa kirahisi akifikiria ghala la ufuta.

SPF ni orodha ya magari. Tovuti inatangaza hadharani seva zipi zinaruhusiwa kubeba barua kwa jina lake. DKIM ni lakiri kwenye gunia, saini ya kidijitali inayoonyesha barua imetoka kwa mwenye jina na haikuguswa njiani. DMARC ni maagizo kwa mlinzi wa ghala: likija gari lisilo kwenye orodha na gunia lisilo na lakiri, lirudishwe, liwekwe pembeni, au lipite huku mwenye jina akipelekewa ripoti.

Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na vyote vitatu, pamoja na kitufe cha kujiondoa kwa mguso mmoja. Namba hiyo ya 5,000 imewalaza wengi. Tovuti yenye wasomaji 600 inasema hayo ni ya wakubwa. Si kweli. Mtumaji mdogo naye anadaiwa angalau SPF au DKIM, na sifa ya jina lake inapimwa kama ya wengine.

Jina la Gmail kwenye gari la mwingine

Kosa linalojirudia sana kwa tovuti ndogo za huku ni hili: tovuti ina jina lake, pengine la .co.tz au .or.tz, lakini jarida linatoka kwa anwani ya Gmail ya mhariri, likipitia seva ya tovuti. Zamani lilipita. Sasa kwa mlinzi wa ghala huo ni mzigo ulioandikwa jina la Google ukiwa kwenye gari ambalo Google hawalijui. Unazuiwa, au unatupwa kwenye spamu.

Yahoo ndio waliowahi kuonyesha ukali wake. Aprili 2014 waliamuru barua yoyote yenye anwani ya Yahoo isiyotoka kwenye seva zao ikataliwe. Usiku mmoja tu, vikundi vya barua pepe duniani kote vikaanza kuharibika, na watu waliokuwa wakiandikiana miaka mingi wakajikuta hawafikiani. Dawa ya kosa hili ni rahisi kuliko zote: jarida litumwe kwa anwani ya jina la tovuti yenyewe.

Kosa la pili halimhusu mhariri kabisa, na ndiyo maana linauma. Tovuti nyingi ndogo zinakaa kwenye seva ya pamoja kwa sababu ni nafuu. Ni kama nyumba ya kupanga: mpangaji mmoja akiuza gongo, msako unafika kwa wote. Tovuti moja ya jirani ikidukuliwa na kuanza kumwaga matangazo ya ulaghai, namba ya seva nzima inaingia kwenye orodha nyeusi kama za Spamhaus. Jarida la bei ya ufuta linazuiwa kwa dhambi ya tovuti ambayo mhariri hajawahi hata kuisikia. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye barua. Ni kumbana mwenye seva asafishe, au kuhamisha utumaji kwenda kwa kampuni inayofanya kazi hiyo tu.

Watu watatu kwa elfu moja

Halafu kuna hesabu ya malalamiko. Google wanataka wanaobonyeza "spamu" wasifike asilimia 0.3, yaani watatu kwa kila barua 1,000, na wanashauri mtu abaki chini ya asilimia 0.1. Kwa kampuni kubwa hiyo ni hesabu ya kawaida. Kwa jarida la watu 600, wawili tu wakibonyeza, mstari umevukwa. Na kwa kuwa Gmail haionyeshi takwimu kwa wanaotuma barua chache, mdogo anahukumiwa bila hata kuonyeshwa shtaka. Hapa wakubwa hawa wanastahili kulaumiwa: vita yao dhidi ya matapeli ni halali, lakini mizani waliyoiweka inapima lori na baiskeli kwa jiwe moja.

Hata hivyo, watumaji nao wana lao. Anwani nyingi zinakusanywa kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina, kwa mwandiko wa haraka. Herufi moja ikikosewa, barua inagonga mwamba. Nyingine ziliandikwa sawasawa lakini zimekufa: mtu amebadili simu, nywila imesahaulika, akafungua akaunti mpya. Yahoo wanaweza kufunga akaunti iliyokaa miezi 12 bila kutumika, na Google wanaweza kufuta iliyolala miaka 2. Anayeendelea kutuma kwa maiti anaonekana kama tapeli aliyenunua orodha ya majina.

Kuna na la kisheria. Kusaini mahudhurio si kukubali kutumiwa jarida. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka masharti ya jinsi taarifa za mtu zinavyokusanywa na kutumika, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa ujumbe usioombwa.

Pa kuanzia

Barua inayorudi ina namba, na namba hiyo isipuuzwe. Zinazoanza na 4, kama 421, zinasema subiri, ujaribu tena. Zinazoanza na 5, kama 550, zinasema hapana. Gmail wakirudisha 550 yenye 5.7.26, barua haikujitambulisha. Outlook wakirudisha 550 yenye 5.7.515, jibu ni hilohilo kwa maneno yao.

Isiporudi wala isionekane, mhariri ajitumie jarida kwenye Gmail yake, alifungue kwenye kompyuta au kwenye kivinjari cha simu kilichowekwa mwonekano wa kompyuta, kisha achague kuona barua asili. Juu kabisa kuna mistari ya SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja ukisema umepita au umefeli. Kuirekebisha ni kuandika mistari michache kwenye mipangilio ya jina la tovuti, pale lilikosajiliwa. Haihitaji kununua mtambo. DMARC inaanza kwa kuomba ripoti tu bila kuzuia kitu, na SPF iwe moja: wanaoweka mbili, kwa kudhani wanaongeza nguvu, wanaziua zote.

Msomaji naye ana nafasi yake, na haimgharimu bando kubwa. Katibu wa AMCOS aliyejiandikisha na haoni kitu aingie folda ya spamu kabla siku 30 hazijapita, maana Gmail inafuta baada ya hapo. Akikuta jarida, abonyeze kwamba si taka na amwingize mtumaji kwenye orodha ya majina ya simu. Aliyechoka nalo ajiondoe kwa kiungo kilicho kwenye barua. Akibonyeza spamu ili kujiondoa, anawazibia majirani.

Kuhamia WhatsApp moja kwa moja ndilo jibu la wengi, na lina mantiki. Lakini kundi moja linaishia watu 1,024, ujumbe wa bei unazikwa na salamu za asubuhi, na SMS za wingi zinalipiwa moja moja. Anayetaka kulinganisha bei za minada ya misimu miwili bado anafaidika na barua aliyoihifadhi.

Kwa miezi ya mwanzo, barua nyingi zisizotimiza masharti ziliishia kucheleweshwa au kutupwa kwenye spamu. Tangu Novemba 2025 Gmail wamekaza zaidi, na kukataa moja kwa moja kumeongezeka. Minada ya ufuta Lindi kwa kawaida huanza kati ya Mei na Juni.