Dawa Bila Sindano

Juma lililopita mama mmoja alinionyesha kiwiko kinachomuuma hata kushika jembe hawezi. "Bwana Karani," akasema, "ati hospitali kubwa hutia dawa mwilini kwa umeme. Mwanangu ana betri ya gari, ataka kunijaribia." Nikamjibu, "Mama, ngoja kwanza!"

Habari yenyewe ni ya kweli. Ngozi ni ukuta. Paka marhamu upendavyo, dawa nyingi hubaki nje. Lakini ziko dawa ambazo zikiyeyuka majini, chembe zake huchukua umeme, ama chanya ama hasi, na umeme wa namna moja hufukuzana. Basi mtaalamu wa viungo hulowesha kitambaa kwa dawa na kukiweka penye maumivu, chini ya waya wenye umeme wa namna ile ile ya dawa. Waya wa pili hushikizwa mahali pengine mwilini. Dawa hufukuzwa, ikaingia ndani. Deksamethasoni fosfeti, dawa ya kutuliza uvimbe, ni hasi. Ukiiweka upande wa chanya, wajisumbua bure.

Mfaransa Stéphane Leduc aliyahakikisha haya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sungura wawili, maskini. Aliwaunganisha kwa umeme mmoja, huyu ana strikinini upande wa chanya, yule ana sianidi upande wa hasi. Zote ni sumu. Umeme ukapita, wakafa wote. Alipozigeuza nyaya kwa sungura wengine, hawakudhurika.

Iko njia nyingine, ya sauti isiyosikika, yenye mitetemo 1,000,000 au zaidi kwa sekunde moja. Dawa hupakwa pamoja na jeli, na kichwa cha mashine hupitishwa juu yake bila kusimama. Kikisimama, nyama za ndani hupata moto. Katika hii wachunguzi hawajapatana: wengine waona dawa yasaidia, wengine wasema sauti peke yake yatosha.

Sasa betri ya kijana. Mashine ya hospitali kwa kawaida haizidishi sehemu 4 katika 1,000 za ampea, tena kwa dakika chache zilizohesabiwa, na hata hivyo yaweza kuchoma. Maana chini ya waya wa hasi hutokea kitu kikali kama magadi ya kutengenezea sabuni. Betri ya gari haina cha kuuzuia umeme wake. Na hata kwa wataalamu, mwenye kidonda mahali hapo, au mwenye kifaa cha umeme cha kuongoza moyo, hafanyiwi. Nawe ukilazwa chini ya mashine ukaona yaunguza, sema papo hapo, usijikaze.

Betri imekwisha rudi garini. Mama anakwenda hospitali Alhamisi, na nimemwandikia katika karatasi majina ya dawa zote anazomeza, ampe mganga asome kabla hajaanza.