Silaha nyumbani ni amana, si fahari



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Mwezi Mei mwaka 2022 jiji letu la Mwanza liliamkia msiba mzito. Mume alimpiga mkewe risasi akamuua, na muda mfupi baadaye naye akakutwa amekufa. Hatutaji majina, kwani wafiwa wangali nasi, na hukumu ya wawili hao iko kwa Mola wao. Tunalolirejea leo ni swali ambalo wengi wetu tuliliacha makaburini siku ile: silaha iliyomo ndani ya nyumba inakaa wapi, na nani ana kauli juu yake siku ghadhabu inapoingia?

Hatusemi kuwa kumiliki silaha ni haramu. Hoja ya wanaoitaka tunaijua, na haki ni kuisikiliza. Mvuvi wa Ukerewe au Kome akizingirwa usiku katikati ya ziwa na maharamia wenye bunduki, akanyang'anywa mashine ya boti na nyavu, amepoteza ada ya watoto wake na mtaji wa miaka. Mfanyabiashara wa samaki au wa dhahabu husafiri na fedha taslimu na roho mkononi. Oktoba 2012, Kamanda wa Polisi wa Mkoa wetu, marehemu Liberatus Barlow, aliuawa kwa risasi usiku huko Kitangiri. Wengi waliuliza: ikiwa kamanda amefikwa na hayo, raia wa kawaida atajikinga kwa nini? Dini yetu haimbezi muulizaji. Katika hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim tunafundishwa kwamba anayeuawa akiilinda mali yake ni shahidi.

Sheria ya nchi nayo haikufunga mlango. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inamruhusu raia kumiliki silaha kwa leseni na kwa masharti. Mwaka 2016 wenye silaha walitakiwa kuzipeleka kuhakikiwa nchi nzima. Yote hayo ni mema, na Muislamu anapaswa kuyatii.

Lakini leseni humpima mtu siku anapoiomba. Haimpimi usiku wa manane miaka mitano baadaye, biashara ikiwa imeanguka, wivu umemjaa kifuani, na bastola iko chini ya mto. Askari aliyemhoji hayupo, na mwenyekiti wa mtaa amelala. Waliopo ni mke, watoto na Allah (S.W.) anayeona. Hapo ndipo sheria inapokoma na wajibu wa familia unapoanza.

Tutazame adabu tuliyofundishwa. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha masahaba wanaopita msikitini au sokoni na mishale waishike kwenye vyembe, asije mtu akajeruhiwa. Alikataza kupeana upanga uliochomolewa alani. Alitahadharisha vikali juu ya kumwelekezea ndugu silaha, hata kama ni ndugu wa baba na mama mmoja. Tuzingatie jambo moja: walioambiwa hayo hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wema kuliko sisi, wanaoaminika na wanaojua kutumia silaha zao. Wema wao haukutosha kuwaondolea sharti. Basi anayesema leo, "Mimi si mhalifu, silaha yangu haina haja ya kufungiwa," anajidai ubora ambao masahaba hawakupewa.

Na juu ya ghadhabu, tumefundishwa kwamba aliyekasirika akiwa amesimama na akae, na isipomtoka na alale. Makusudio yake ni kuweka masafa kati ya mkono na tendo. Bastola yenye risasi iliyo karibu na kitanda inayafuta masafa hayo. Neno baya la mume kwa mkewe huombewa radhi asubuhi, na talaka ina eda na ina wazee wa kusuluhisha. Risasi haina asubuhi.

Kwa hiyo tunanasihi mambo manne. Kwanza, silaha ifungiwe kwenye sanduku imara lenye kufuli, na risasi ziwekwe mahali pengine. Kabati la nguo si ghala, na mtoto hujua kila kilichofichwa. Pili, mke na watu wazima wa nyumba wajue kuwa silaha ipo na wawe na haki ya kusema. Tatu, ugomvi mkubwa ukizuka, au mwenye silaha akipatwa na msongo wa mawazo au ulevi, silaha itoke kwanza nyumbani na ikabidhiwe polisi, ndipo usuluhishi uanze. Masheikh na wazee wanaoketi kusuluhisha ndoa waulize mapema: je, ndani mna silaha? Kuuliza si kumvunjia mtu heshima. Nne, mwenye silaha akifariki, warithi wasiigawe pamoja na mashamba na nyumba. Leseni ni ya mtu, hairithiwi. Waipeleke polisi kabla mirathi haijagawanywa.

Tumesema na wenye leseni. Ipo pia silaha isiyo na leseni: gobole lililofichwa darini, au bunduki iliyopenya mipakani. Kanda yetu imeonja madhara yake. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki zilizagaa mikononi mwa watu, na wezi wa ng'ombe wakazitumia vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi waliunda Sungusungu, wakaitikia mwano kwa pinde na mishale. Sungusungu nao walikuwa na dhuluma zao, wakiwaadhibu watu nje ya sheria, na hilo hatulisifu. Lakini funzo moja linabaki: kijiji kilipata usingizi kwa sababu kila jirani aliitika wito wa mwenzake. Mvuvi naye anahitaji wenzake wanaosafiri pamoja na doria ya kweli ziwani, na tunaitaka Serikali isimwache peke yake kisha imlaumu akitafuta bunduki.

Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 kudhibiti silaha ndogondogo. Mwaka 2022 Serikali yetu ilitoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa watakaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Mwenye kitu kama hicho ndani asingoje tangazo jingine. Amwendee imamu wake au mzee anayemwamini, wafuatane hadi kwa wahusika, autue mzigo huo.

Ndugu zetu, Qur'ani Tukufu katika Suratun-Nisaa inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na katika Suratul-Maida inatufundisha kwamba kuua nafsi moja bila haki ni kama kuwaua watu wote. Silaha ni amana, na roho za walio chini ya dari moja nayo ni amana kubwa zaidi. Leo baada ya Swala ya Ijumaa, mwenye silaha arudi nyumbani, aketi na mkewe, amwoneshe ilipo na namna ilivyofungwa. Akiona aibu kumwonesha, basi ajue kwamba haijafungwa inavyopasa.

Wabillahi tawfiq.