Saa Tano ya Wapi, Buda?

Rafiki yangu alilipa mkopo wa simu Ijumaa, Mei 10, 2024, saa tano na dakika arobaini usiku. Siku ya mwisho ilikuwa hiyo hiyo Ijumaa, kwa hivyo alikuwa bado na dakika ishirini. Asubuhi akaamkia ujumbe: umechelewa, faini hii hapa. Kwenye rekodi yao, pesa ziliingia Jumamosi saa nane na dakika arobaini usiku.

Tofauti ni saa tatu kamili. Yeyote anayeunda API hapa Kenya akiona saa tatu kamili anajua mchezo ni upi. Apu ilituma "2024-05-10 23:40" bila kusema ni saa za wapi. Seva ikadhani ni UTC, ikaongeza tatu kupata saa za Nairobi, na jamaa akawa mdaiwa sugu.

Kusema kweli, sisi ndio tungekuwa wa kwanza kuliona hili. Ukiniambia tupatane saa nne, nitakuuliza: ya asubuhi ama ya usiku? Simu inaandika 10:00, sisi tunasema saa nne, na hakuna anayepotea kwa sababu wote tunajua hesabu inaanzia wapi. Seva haijalelewa mtaani. Usipoiambia, inakisia.

Na dawa ipo tangu 1988, inaitwa ISO 8601. Andika 2024-05-10T23:40:00+03:00, ama 2024-05-10T20:40:00Z. Ni dakika ile ile moja. Hiyo Z ni UTC. Hifadhi kwa UTC, kisha mgeuzie mtu saa za kwao pale kwenye skrini tu. API ikipokea saa isiyo na ukanda, iikatae. Afadhali kosa leo kuliko faini kesho.

Wengine hutuma 03/04/2024. Kwetu hiyo ni Aprili 3, Marekani ni Machi 4. Wengine hutuma sekunde tangu Januari 1, 1970, na hilo ni sawa, ila JavaScript huhesabu milisekunde. Ipe 1700000000 ukimaanisha Novemba 2023, itakurudisha Januari 20, 1970, kabla mama yako hajazaliwa. JavaScript hiyo hiyo ukiipa tarehe tupu kama "2024-05-10" huisoma kwa UTC. Ongeza saa bila ukanda, inaisoma kwa saa za kifaa. Wazimu, lakini ndiyo kanuni.

Hata Daraja ya M-Pesa hutumia tarakimu 14 zilizobanana, mwaka hadi sekunde, bila ukanda. Hapo huna budi kuongeza +03:00 mwenyewe kabla hujahifadhi.

Kuna mahali UTC pekee haitoshi: miadi ya mbele. Kenya hatubadilishi saa, lakini London hubadilisha mara mbili kwa mwaka. Kama mteja wako yuko huko, hifadhi pia jina la ukanda, Europe/London, la sivyo mkutano utahama saa nzima.

Madevelopa huniambia haya ni mambo madogo, yatarekebishwa baadaye. Madogo kwa nani? Anayelipa faini si yule aliyesahau alama sita mwishoni mwa saa.

Rafiki yangu alirudishiwa hela zake baada ya kupiga simu mara tano. Rekodi bado inasema Jumamosi.