Kitabu Baada ya Mtihani

Watu wengi wakaao katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, huviacha vitabu siku ile ile wamalizapo mtihani wa mwisho. Kwao kitabu ni chombo cha kutafutia cheti tu. Baadaye mtu huyo huletewa mkataba wa mkopo, naye hutia sahihi bila kuusoma, kwa kuwa kurasa nne zamchosha; na shamba la baba yake ndilo dhamana.

Husemwa kwamba mahali pa kusomea hapana. Ni kweli, chumba kimoja chenye watoto watano na redio hakifai, wala matatu za Barabara ya Jogoo kwa makelele yake. Lakini Kaloleni ina maktaba, na Makadara pia. Hizo ni matawi ya Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mjini mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, hata baadaye sana ndipo watu wote waliporuhusiwa kuingia. Mlango aliokatazwa babu, mjukuu huupita leo akikodolea macho simu yake.

Asiyezoea asianze na kitabu kinene (wengi hushindwa hapo). Na asome kurasa tano kila siku, saa ile ile, kabla ya kuishika simu. Kwa mwaka ni zaidi ya kurasa 1,800. Kusadikika cha Shaaban Robert, ambacho ni chembamba, atakimaliza kwa majuma mawili hivi.