Waandikeni Watu Kabla ya Injini

Serikali ikichukua reli, hufika na wahesabu mali. Huhesabiwa injini, mabehewa, mataruma, hata taa za stesheni. Vyote huandikwa na kutiwa sahihi. Anayeachwa nje ya daftari ni aliyeiendesha injini hiyo miaka 20.

Mwaka 2006 Kenya iliikabidhi reli yake, pamoja na treni za abiria za Nairobi, kwa kampuni ya Rift Valley Railways. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa, Shirika la Reli likarudi kuiendesha. Abiria wa Ruiru na Kikuyu waliendelea kubanana katika mabehewa yale yale. Ni mfanyakazi aliyelala bila kujua ataamka akiwa wa nani.

Sheria ya Ajira ya 2007 haina kifungu kinachosema kwamba shughuli ikipata mwenyewe mpya, mkataba wa mfanyakazi unahama nayo. Kilichopo ni kifungu cha 40, cha kupunguza wafanyakazi: notisi ya mwezi mmoja, mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia, kisha kwaheri. Fanya hesabu. Miaka 20 ya kuamka saa tisa usiku inakupa siku 300. Haifiki hata mwaka mmoja wa mshahara! Ukiitaka tena kazi yako, omba. Ukipewa, unaanza kama mgeni: miaka imefutwa, na mshahara uliopiganiwa na chama chako haumbani mwajiri mpya.

Uganda, walioingia nasi katika mkataba ule ule wa Rift Valley Railways, wana sheria tangu 2006 inayohamisha mikataba ya kazi moja kwa moja. Afrika Kusini wanayo katika kifungu cha 197 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 1995. Sisi tunangoja nini?

Mambo haya huishia wapi, tunajua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika lake la reli liligawanywa. Injini zilipata wenyewe. Wafanyakazi wa Tanzania walidai mafao yao kwa miongo, wakazeeka wakibeba makaratasi katika barabara za Dar es Salaam. Wapo waliozikwa wakidai.

Kwa hiyo Bunge liandike sasa kifungu cha kuhamisha mikataba ya kazi, kabla njia za treni za Nairobi hazijapewa mamlaka nyingine. Kihamishe mkataba, miaka ya utumishi, pensheni na chama. Kimguse pia mama anayefagia mabehewa na mlinzi wa lango, walioajiriwa kupitia wakala, maana hao ndio hutupwa wa kwanza na hakuna anayeuliza. Na orodha ya wafanyakazi, jina kwa jina, iwe ukurasa wa kwanza wa hati ya makabidhiano. Ukurasa huo ukikosekana, waziri asitie sahihi.